Jino Lilinyamaza, Nikadhani Limepona

Chini ya kidevu nina kovu dogo, urefu wake kama ukucha. Watu wakiliona hudhani nilianguka utotoni. Sikuanguka. Nilipasuliwa kwa sababu ya jino, na jino lenyewe lingeweza kuzibwa asubuhi moja, nikawahi kurudi sokoni mchana.

Mimi nauza mafuta ya alizeti, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Tundu nililiona mwaka 2021. Nilisimama mlangoni penye mwanga, kioo mkono mmoja, tochi ya simu mkono wa pili, nikaona doa jeusi kama kichwa cha njiti ya kiberiti, katikati ya gego la chini upande wa kulia. Halikuwa linauma. Nyama ikinasa nachokonoa, maji ya baridi nayapitisha upande wa kushoto. Baada ya miezi michache nilikuwa natafuna upande mmoja tu bila hata kuwaza.

Januari 2022, mvua zimekolea na mtaa mzima ni tope, likaanza kuuma usiku. Mchana nilikuwa navumilia, lakini nikilala tu linapiga lenyewe, kama moyo umehamia kwenye taya. Nilianza na Panado. Zikashindwa, nikaenda duka la dawa nikapewa diklofenaki, na nakiri kwamba kuna siku nilimeza nne tumbo likiwa tupu, kwa sababu kula kwenyewe kulikuwa mateso. Hadi leo tumbo langu halijawa sawa. Niliweka karafuu ndani ya tundu. Jirani akaniletea mzizi wa ndulele nikautafuna. Mwingine akaniambia nidondoshe maji ya betri kwenye pamba nisokomeze mle ndani. Hilo sikulifanya, na namshukuru Mungu, maana baadaye wodini kitanda changu kilikuwa jirani na cha dada aliyelifanya. Fizi yake na shavu kwa ndani vilikuwa vimebabuka, vyeupe kama nyama iliyomwagiwa maji ya moto, na jino bado lilikuwepo na bado lilikuwa linauma.

Kwa nini sikwenda hospitali? Niliogopa sindano. Niliogopa pia bei, ambayo sikuwa nimeiuliza popote. Na nilikuwa na imani niliyoikuta nyumbani, kwamba kwa daktari wa meno mtu huenda kung'oa, na anayeng'oa huenda pale tu akishindwa kabisa. Sikumfahamu hata mtu mmoja aliyewahi kwenda kwa daktari wa meno bila kuwa na maumivu.

Halafu, katikati ya Machi, likanyamaza. Asubuhi moja niliamka nikagundua nimelala usiku kucha. Nikanywa maji ya mtungini kwa kulijaribu, kimya. Nikamwambia mume wangu, "Baba Juni, jino limepona." Tulifurahi kweli. Nikaendelea na biashara miezi minane mizima.

Siku hizi nikikutana na mtu anayeniambia jino lake liliuma sana kisha likaacha lenyewe, namshika mkono. Naomba ulisome hili kwa makini, maana ndilo lililonileta kuandika. Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likifika pale, vijidudu vinaingia, ile nyama inavimba mahali ambapo haina nafasi ya kuvimba, na ndiyo maana maumivu yanapiga usiku. Wakati fulani ile nyama inakufa. Kilichokufa hakiumi. Lakini vijidudu havijafa. Vinashuka taratibu hadi ncha ya mzizi, vinajenga usaha ndani ya mfupa wa taya, na mwenye jino hana habari. Baadaye, hospitalini, daktari alinichorea nyuma ya kadi yangu: jino, mizizi miwili kama miguu ya kuku, na chini yake duara alilolipaka wino mpaka karatasi ikaloa. "Hapa ndipo usaha ulipokuwa ukiishi tangu Machi," akasema.

Novemba taya likaanza kuwa zito. Siku ya kwanza nilidhani nimelalia vibaya. Siku ya pili shavu limejaa. Siku ya tatu nikaenda kwenye kliniki moja ya mtaani, kwa kuwa ilikuwa karibu na niliambiwa kung'oa ni elfu kumi na tano. Hakukuwa na picha wala maswali mengi. Nilichomwa ganzi mara tatu na haikushika. Baadaye nilielezwa kwamba penye usaha mwingi ganzi haifanyi kazi vizuri, na mtaalamu anayejua kazi yake angetafuta njia nyingine, si kuendelea kuvuta. Yule aliendelea. Nilisikia mlio kama wa kuni kavu ikivunjika. Kichwa cha jino kikatoka, mizizi ikabaki. Nikapewa vidonge vya amoksilini kwenye bahasha, nikaambiwa mizizi "itajitoa yenyewe."

Usiku uliofuata sikuweza kufungua kinywa kupitisha hata vidole viwili. Mate yalinishinda kumeza, nikawa nayatemea kwenye kikombe. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya kidevu, mgumu kama ubao, na ulimi nilihisi umenyanyuliwa juu. Nilitaka kusubiri asubuhi. Mume wangu akakataa, akaita bajaji saa tatu ile ile ya usiku. Hospitalini daktari wa zamu aliminya chini ya kidevu changu kwa vidole viwili, akamgeukia muuguzi, na kuanzia hapo kila kitu kikaenda mbio. Aliniambia kesho yake kwamba uvimbe wa namna ile ukishuka shingoni huziba njia ya hewa, na kwamba watu wanakufa kwa jino.

Kwa hiyo ukiwa na jino bovu, ukaona uvimbe unashuka chini ya taya au shingoni, kinywa hakifunguki, kumeza kunashinda, sauti inabadilika, una homa au pumzi nzito, usisubiri asubuhi na usiende kwenye kliniki ya mtaani. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo. Vidonge vya dukani havitoshi hapo. Usaha unatakiwa utolewe.

Walinipasua, wakaweka kimpira cha kutolea usaha, wakanitundikia dawa. Harufu iliyotoka siku ile siwezi kuisahau, na ladha yake kinywani, chumvi yenye chuma ndani yake. Nililala wodini usiku nne. Mizizi iliyobaki waliitoa siku ya tatu, na safari hii ganzi ilishika, nikahisi msukumo tu bila maumivu. Nililia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Gharama zote, kitanda, dawa, upasuaji, picha na nauli, zilifika shilingi 412,000. Sikuwa na bima. Hiyo ilikuwa fedha ya kununulia mzigo, na 150,000 nilimkopa mdogo wangu. Genge langu lilifungwa karibu wiki tatu, na wateja wawili wakubwa wakahamia kwingine. Nilipouliza kuziba lile tundu mwaka 2021 kungenigharimu kiasi gani, nikaambiwa pale pale hospitalini kwamba kulikuwa ni elfu thelathini na tano.

Niliporudi baada ya wiki mbili, daktari alikagua kinywa chote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia katika miaka yangu 36. Akakuta gego la juu kushoto nalo limetoboka, karibu kufika kwenye mshipa. Akanipa njia mbili: kung'oa kwa elfu ishirini, au kutibu mzizi kwa 180,000, mahudhurio matatu. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye elfu ishirini. Nikamwuliza kwa nini nising'oe tu. Akanionyesha lile pengo la kulia: "Meno ya jirani yataanza kulalia hapa, na la juu litashuka kwa kuwa halina mwenzake wa kusagana naye. Ukitoa na la kushoto, mama, utatafunia wapi?" Nikaomba nilipe kwa awamu, wakakubali. Wengi hatuulizi hilo, tunadhani ni aibu.

Kutibu mzizi kunatisha kwa jina kuliko kwa kitendo. Baada ya ganzi, wanafungua jino kwa juu, wanaingiza visindano vyembamba vyenye meno kama tupa, wanasafisha mfereji wa mzizi, wanaosha kwa dawa, wanaukausha, kisha wanaujaza na kuufunga. Kinachochosha ni kukaa kinywa wazi karibu saa nzima. Kosa kubwa ni kuishia njiani. Nilimkuta mzee mmoja kwenye benchi ambaye hudhurio la kwanza maumivu yalipoisha hakurudi kumalizia. Alirudi mwaka mmoja baadaye, jino likang'olewa. Nami nilishawishika kufanya hivyo hivyo. Kilichonirudisha ni ile michoro ya wino.

Ilikuwa kwenye hudhurio la pili daktari aliponiuliza, "Chonge zako za chini ulizing'oa lini?"

Nikamwambia sijawahi kung'oa jino la mbele.

Akanipa kioo. Akaanza kuhesabu kutoka katikati kwa ncha ya kifaa chake, moja, mbili, kisha akaruka. Mahali pa chonge hapakuwa na kitu, kulia na kushoto, meno ya jirani yamesogea yakaziba nusu ya nafasi. Picha ya eksirei haikuonyesha chochote ndani ya mfupa. Nimejitazama kwenye kioo maisha yangu yote na sikuwahi kuliona hilo. Nilidhani hivyo ndivyo kinywa changu kilivyo. Daktari alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Nikamwambia Bahi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia.

Wenzangu wa Dodoma, na wa Singida na Manyara pia, wanajua naelekea wapi. Meno ya nailoni, wengine huita meno ya plastiki. Mtoto mchanga akiharisha, akapata homa, wazee wanatazama ufizi, wanaona kiuvimbe cheupe mahali pa chonge, wanasema hilo ndilo linalomuua. Anatafutwa mtu wa kulitoa. Kile cheupe ni kijino cha kawaida cha utoto ambacho hakijakomaa, ndiyo maana ni laini na kinafanana na nailoni. Karibu yake ndipo kinapojengeka kijino cha ukubwani, na kuchokonoa pale mara nyingi huharibu vyote viwili. Kuharisha kunatokana na vijidudu vya maji na chakula, na homa inaweza kuwa malaria. Mtoto anatokwa damu, anaweza kupata pepopunda au maambukizi mengine kwa chuma kile kile kilichoingia kinywa cha mwingine, na ugonjwa wenyewe unaendelea kumkausha maji mwilini.

Jioni ile nilimpigia mama. Nilimwamkia, nikamwuliza bila kuzunguka. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. "Mwanangu," akasema, "ulikuwa na miezi sita. Ulikuwa umebaki macho tu. Tulikupeleka kwa mzee, alikuwa na spoku ya baiskeli aliyoinoa. Miguu nilikushika mimi." Halafu akalia, nami nikalia. Sikumlaumu na simlaumu. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye mtoto anayekufa, na kila mtu mzima aliyemwamini alimwambia jambo moja.

Niliporudi nyumbani siku ile nilichukua tochi nikaangalia kinywa cha kila mtu. Kwa Juni, aliyekuwa na miaka minane, nikakuta gego la nyuma lina tundu. Nilishaliona mwaka mzima kabla, na nilikuwa nimesema lile ambalo kila mzazi husema: hayo ni ya utoto, yatang'oka. Daktari akanifundisha kuhesabu. Anzia katikati ya kinywa kwenda nyuma. Matano ya kwanza ndiyo ya utoto, kila upande, juu na chini, jumla ishirini. La sita ni la maisha. Linaota nyuma ya yote mtoto akiwa na miaka kama sita, na kwa kuwa hakuna jino lililong'oka kulipisha, mzazi hana habari. Hilo ndilo lililokuwa linaoza. Walilisafisha na kuliziba kwa elfu arobaini, Juni akishika kidole changu, na hakulia.

Na hayo ya utoto nayo si ya kupuuzwa. Yanaoza, yanatunga usaha, yanamnyima mtoto usingizi, na yakitolewa kabla ya wakati yale ya ukubwani yanaota yamebanana.

Nilidhani tatizo la Juni ni pipi, nami nyumbani sinunui pipi. Daktari aliuliza kuhusu ubuyu. Ubuyu wa shuleni, ule mwekundu wenye sukari, kila siku kifuko kimoja, anautia punje moja moja shavuni na kuufyonza toka mapumziko hadi kengele ya kutoka. Kinachoozesha ni muda sukari inaokaa kwenye meno kuliko wingi wake. Ubuyu wenyewe ni mchachu, ukichanganywa na sukari ukafyonzwa saa nzima, meno hayapati nafasi ya kupumua. Sikuupiga marufuku, mbuyu ni wetu. Anakula siku moja kwa wiki, anamaliza mara moja, anasukutua kwa maji. Mtoto mdogo naye asilazwe na chupa ya maziwa au uji wenye sukari kinywani.

Mswaki tulikuwa tunapiga asubuhi tu, kwa ajili ya harufu. Wa usiku ndio muhimu zaidi, maana ukilala mate yanapungua. Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Mtoto chini ya miaka mitatu punje ya mchele inatosha, mkubwa kidogo kiasi cha njegere, na mzazi ashike mswaki mwenyewe hadi mtoto afike miaka kama saba. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi yakaondoa dawa yote. Baba yangu anatumia kijiti cha mswaki, naye daktari hakukidharau, alisema tu kifike hadi ndani upande wa ulimi.

Shemeji yangu wa Singida aliniomba niandike na hili: meno yake ya kahawia si uchafu. Ni floraidi nyingi ya maji ya kisima aliyoyanywa akiwa mdogo, meno yakiwa bado yanajengeka. Alikuwa akiyasugua kwa mchanga na mkaa mpaka yakaanza kusikia baridi. Aliacha baada ya kuambiwa kwamba anakwangua jino lenyewe.

Mama nilimleta mjini mwaka 2023. Ana kisukari, fizi zilikuwa zinatoka damu, naye kwa kuiogopa damu aliacha kabisa kupiga mswaki, ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, ukajaa, meno mawili yakalegea. Yalitolewa. Ugaga ulikwanguliwa kwa elfu hamsini, na akaambiwa sukari isiposhuka fizi hazitatulia, na fizi zikiwa mbovu sukari nayo ni ngumu kushuka. Siku aliyong'olewa alisukutua maji ya chumvi jioni ile ile, damu ikaanza upya. Uma pamba, tulia, usisukutue siku hiyo. Maji ya chumvi ya uvuguvugu ni ya kesho yake.

Huduma zipo. Hapa mjini Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ina idara ya kinywa na meno, na Hospitali ya Benjamin Mkapa kule karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma nayo inayo. Na kila Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, mara nyingi kunakuwa na uchunguzi wa bure. Nenda siku ambayo hakuna kinachouma.

Agosti 2023 mdogo wangu, yule aliyenikopesha, alinipigia kutoka Bahi. Mwanawe wa miezi mitano anaharisha siku ya pili, mama mkwe wake ameshamwona mtu wa kutoa nailoni, wanakwenda kesho alfajiri. Nilipanda gari la mwisho jioni ile. Nilimkuta mama mkwe uani, nikapiga magoti nikamwamkia, na sikumwambia kwamba anakosea. Nilifungua kinywa changu nikamwonyesha mapengo, nikashika mkono wake nikakipitisha kidole chake pale. Nikamwambia, "Mama, hapa palikuwa na meno." Mama yangu alikuwa amekaa pembeni kwenye mkeka. Ndiye aliyesema, kwa Kigogo, kwamba yeye ndiye aliyenishika miguu.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya, sote pamoja na mtoto. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Akapewa maji ya ORS na vidonge vya zinki, mama yake akaambiwa aendelee kunyonyesha. Siku ya nne alikuwa anacheka.

Mtoto huyo alipovuka mwaka mmoja na nusu, nilikuwa Bahi. Mama alinawa mikono, akampakata mjukuu wake, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, kisha wa juu, taratibu, kama mtu anayehesabu fedha. Akaniita nije nione. Chonge zilikuwa zimetoka zote nne.